Gharama ya Kweli ya Kuunda Gari la Spoti la Kale: Hesabu za Riyadh na Jeddah

Gari la spoti la kale linapoundwa kwa vipuri, bei ya vipuri vyenyewe ndiyo sehemu ya gharama iliyo rahisi kuijua kuliko zote, na kwa sababu hiyo ndiyo inayowapoteza watu wengi. Mwenye nia huorodhesha bodi, injini, gia boksi, difu, breki, viti na matairi, akajumlisha, akaona jumla iko chini ya bei ya gari kama hilo lililokwisha kutengenezwa, kisha akaanza kazi akiamini kwamba tofauti hiyo ni faida yake. Tofauti hiyo ni malipo ya kazi, usafiri, kodi, karatasi na makosa ambayo muuzaji wa gari zima amekwisha kuyabeba, na ambayo muundaji naye atayabeba kidogo kidogo, kwa miezi na pengine miaka, bila kuyaona yakiandikwa mahali pamoja.

Riyadh na Jeddah ni miji inayofaa kulipimia jambo hili, kwa kuwa mapenzi ya magari ya namna hii yamekua huko hadharani. Novemba 2019 Riyadh iliandaa maonyesho makubwa ya magari yaliyoambatana na mnada wa magari ya kale. Januari 2020 mashindano ya Dakar yalianzia Jeddah yakaishia Qiddiya, nje ya Riyadh, na mwaka uliofuata yakaongezewa kundi la magari ya zamani liitwalo Dakar Classic. Na Desemba 2021 mbio za Formula 1 zilifanyika Jeddah kwa mara ya kwanza, kandokando ya bahari. Petroli ni nafuu kuliko Nairobi au Dar es Salaam, na gereji zimejaa mafundi kutoka Yemeni, Sudani, Misri, India, Pakistani na Ufilipino. Mtu anayetazama hali hiyo kwa mbali huona kwamba kama kuna mahali ambapo gari la ndoto linaweza kuundwa kwa bei ya chini, basi ni hapo. Hesabu ikipigwa kwa utulivu, picha hubadilika.

Desturi ya kuuza gari likiwa vipande ili mnunuzi aliunganishe mwenyewe ilikua kwa sababu ya kodi. Mwaka 1957 Colin Chapman wa kampuni ya Lotus nchini Uingereza alitoa gari dogo jepesi liitwalo Lotus Seven, nalo likauzwa kwa wingi katika hali ya vipande, kwani gari zima lilitozwa kodi ya manunuzi ilhali vipande havikutozwa. Aprili 1973 Uingereza iliifuta kodi hiyo na kuanzisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo hutozwa kwa vipande pia, na unafuu ule ukaisha. Mwaka huohuo haki za gari hilo zilihamia kwa kampuni ya Caterham. Katika Saudia ya leo hali ni hiyo ya baada ya 1973: kila boriti, kila mpira na kila taa hulipiwa kodi, ama mpakani ama dukani, na hakuna mlango wa nyuma wa kupitishia gari lililovunjwavunjwa ili lilipiwe pungufu.

Mfano ulio maarufu zaidi wa gari la vipande kwa sasa ni nakala za AC Cobra, gari lililozaliwa mwaka 1962 pale Carroll Shelby, dereva wa mbio kutoka Texas, alipoifunga injini ya Ford yenye silinda 8 ndani ya bodi nyepesi ya Kiingereza. Magari halisi yaliyotengenezwa yalikuwa takriban 1,000 tu, na leo huuzwa kwa bei ambayo mtu wa kawaida hawezi kuisogelea, kwa hiyo kampuni kama Factory Five ya Massachusetts, iliyoanzishwa 1995, huuza makasha yenye chesisi, bodi ya faiba na mamia ya vipuri vidogo. Anayesoma tangazo huona neno lisemalo kwamba kasha limekamilika. Ukamilifu huo hauhesabu injini, gia boksi, difu ya nyuma, rimu, matairi wala rangi, yaani vitu vinavyoweza kwa pamoja kufikia au kuzidi bei ya kasha lenyewe.

Ili hesabu ieleweke vizuri ni afadhali kuchagua gari moja na kulifuata, na kwa msomaji wa Afrika Mashariki gari linalofaa ni Datsun 240Z. Gari hili la milango miwili lilizinduliwa Japani mwaka 1969 na kuuzwa Marekani kwa kiasi cha dola 3,500, bei iliyowafanya watu wa kipato cha kati waweze kumiliki gari la spoti lenye silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja na ujazo wa lita 2.4. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki lilishinda mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda ambaye baadaye aliishindia Datsun Safari nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Hata hivyo, mtu aliyeko Jeddah hawezi kuagiza mabaki ya gari hilo kutoka Nairobi, kwa sababu magari ya Kenya yana usukani wa kulia na Saudia haikubali magari ya namna hiyo kuingia. Atalazimika kutafuta bodi Marekani, na bahari inaanza kuingia katika hesabu.

Forodha ya Saudia haitozi kodi juu ya bei ya kipuri peke yake. Hutoza juu ya bei ikijumlishwa na nauli ya meli pamoja na bima ya mzigo, kisha kodi ya ongezeko la thamani huhesabiwa juu ya jumla hiyo ikiwa imekwisha kuongezwa ushuru. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba bodi na vipuri vimenunuliwa kwa dola 8,000, na usafiri pamoja na bima ni dola 2,000. Riyali imefungwa kwa dola tangu 1986 kwa kiwango cha riyali 3.75, hivyo mzigo uliofika bandarini una thamani ya riyali 37,500. Ushuru wa asilimia 5, ambao ndio kiwango cha msingi kilichowekwa mwaka 2003 na umoja wa forodha wa nchi za Ghuba, huongeza riyali 1,875. Juu ya riyali 39,375 zilizopatikana hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15, na jumla hufika riyali 45,281. Vipuri vilivyonunuliwa kwa riyali 30,000 vimeongezeka kwa nusu nzima kabla hata spana moja haijashikwa.

Mzigo huohuo ungeingia mwaka 2017 ungegharimu riyali 39,375, kwa kuwa kodi ya ongezeko la thamani haikuwapo. Ilianza Januari 2018 kwa asilimia 5 na kupandishwa hadi 15 Julai 2020. Mwezi mmoja kabla ya kupandishwa huko serikali ilikuwa imeongeza ushuru wa forodha kwa bidhaa nyingi, kwa hiyo anayeagiza leo inampasa aangalie kiwango cha kila aina ya kipuri badala ya kudhani kwamba ni asilimia 5 kwa vyote. Ushauri wa bure unaotolewa na waliojenga magari yao kabla ya mwaka 2018, hata ukitolewa kwa nia njema, unahusu nchi yenye kodi tofauti kabisa.

Jambo jingine ni idadi ya mizigo. Hesabu iliyotangulia imechukulia kwamba kila kitu kimefika kwa mkupuo mmoja, ilhali gari la kale halijengwi hivyo. Fundi anapoifungua bodi hugundua kwamba bawaba ya mlango imekwisha. Bawaba inapofika hugundulika kuwa ni ya toleo la mwaka mwingine. Mpira wa kioo unaagizwa, kisha klipu zake, kisha skrubu za klipu hizo. Kila agizo lina nauli yake ya chini ambayo haipungui hata kipuri kikiwa chepesi kama kalamu, na kipuri kisichofaa kukirudisha ng'ambo hugharimu kuliko thamani yake, hivyo hubaki kabatini. Shilingi ya mwisho katika ujenzi wa gari hupotelea hapa zaidi kuliko kwenye injini.

Sarafu nayo ina sehemu yake, na safari hii kwa upande wa nafuu. Kwa kuwa riyali hutembea na dola, vipuri vya Marekani havibadiliki bei kwa sababu ya fedha, lakini vya Japani hubadilika sana. Kipuri cha yen 100,000 kiligharimu takriban riyali 3,600 mapema mwaka 2021, dola moja ilipokuwa karibu yen 105. Katikati ya 2024, dola ilipofika yen 160, kipuri hichohicho kilishuka hadi riyali 2,350 hivi. Wakati huohuo njia yake ya baharini ilikuwa imeingia matatani, kwa kuwa meli itokayo Asia kwenda Jeddah hupita mlango wa Bab el-Mandeb, ambako mashambulizi yaliyoanza mwishoni mwa 2023 yalizifanya kampuni nyingi za meli kuikwepa Bahari ya Shamu. Mtu wa Riyadh alikuwa na njia ya pili, yaani bandari ya Dammam iliyo upande wa Ghuba, ambayo tangu 1951 imeunganishwa na Riyadh kwa reli.

Kuna vipuri ambavyo havihitaji meli. Miji yote miwili ina maeneo makubwa ya kuvunjia magari, ambayo wenyeji huyaita tashlih. Lile la barabara ya Al-Ha'ir kusini mwa Riyadh na lile la Buraiman mjini Jeddah yamejulikana kwa miaka mingi. Ndani yake magari yaliyopata ajali au yaliyochakaa hupangwa kwa aina, na mnunuzi huingia akitembea kati ya mistari ya Toyota, Nissan na Chevrolet, akionyesha kwa kidole anachotaka kifunguliwe. Gari la spoti la mwaka 1971 hatalikuta humo, lakini mwenye kuijua familia ya injini anaweza kupata kitu cha thamani, kwa sababu injini ya 240Z ilikuwa na ndugu zake wakubwa, na mmoja wao, L28 wa lita 2.8, alifungwa pia katika baadhi ya Nissan Patrol na sedani za Datsun za miaka ya 1970 na 1980. Ndugu huyo huingia katika nafasi ya injini ya 240Z bila kulazimisha bodi ikatwe. Hapa elimu ya fundi hugeuka kuwa fedha moja kwa moja, na hakuna orodha ya bei inayoweza kuionyesha.

Injini iliyotoka tashlih haifungwi ilivyo. Hufumuliwa yote, silinda zikapimwa na kuchongwa kama zimelika, kranki ikasawazishwa, pistoni, ringi na beringi zikabadilishwa, na silinda hedi, ambayo katika injini hizi ni ya alumini, ikapimwa kama haijapinda kwa joto. Injini nyingine za kale, hasa za Kiingereza na za Kimarekani zenye hedi ya chuma, zina gharama ya ziada, kwani zilibuniwa wakati ambapo petroli ilitiwa risasi iliyokuwa ikivilinda viti vya valvu, yaani zile pete ambazo valvu huzikalia inapofunga. Petroli hiyo haiuzwi tena popote kwa magari. Nchi ya mwisho kuiacha ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Viti hivyo basi huchongwa na kuwekewa vigumu zaidi, la sivyo huliwa taratibu mpaka silinda ipoteze nguvu.

Joto la Riyadh, ambalo kiangazi huzidi nyuzi 40 kwa wiki nyingi mfululizo, huleta madai yake. Magari haya yalibuniwa kwa hewa ya Japani, Uingereza au California. Rejeta ya asili haitoshi, kwa hiyo huwekwa kubwa zaidi na feni ya umeme. Petroli huchemka ndani ya mabomba kabla ya kufika kwenye kabureta, na injini huzima kwenye foleni kana kwamba tangi ni tupu, kwa hiyo mabomba hupitishwa mbali na ekzosi na kuvishwa kinga. Kiyoyozi, ambacho wanunuzi wengi wa mwaka 1970 walikihesabu kuwa anasa, hapa ni hitaji, nacho huja na kompresa yake, mabano yake, waya zake na altaneta kubwa ya kuubeba mzigo wa umeme. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwamo katika orodha ya kwanza ya mnunuzi.

Bodi ndiyo inayoitenganisha miji hii miwili. Riyadh iko bara, juu ya uwanda mkavu, na chuma kilichokaa huko miaka 40 kinaweza kukutwa kizima chini ya rangi iliyobabuka, ingawa mipira imekuwa migumu, ngozi za viti zimepasuka na dashibodi imeatuka kwa jua. Jeddah iko kando ya Bahari ya Shamu, katika hewa nzito ya chumvi, na gari la huko huweza kung'aa nje huku sakafu yake imeoza, jambo ambalo mkazi wa Mombasa au Unguja halihitaji kuelezwa. Kwa 240Z tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu gari hilo halina chesisi ya pekee; bodi na chesisi ni kitu kimoja kilichounganishwa kwa kuchomelewa, na kutu ikiingia katika boriti za chini, sakafu au kibao cha betri, linalooza ni gari lenyewe. Mnunuzi wa Jeddah anayeona bodi kavu Riyadh hana sababu ya kusitasita kuilipia zaidi na kuipandisha kwenye satha, lile lori la kubebea magari, kwa safari ya kilomita 950 hivi. Nauli hiyo ni ndogo kuliko kukata na kuchomelea sakafu mpya.

Baada ya hapo ndipo inapokuja sehemu kubwa kuliko zote, ambayo ni saa za kazi. Gari la kale linalovuliwa kila kitu, likanyooshwa bodi, likapigwa rangi na kuunganishwa tena kwa uangalifu hula saa 1,000 kwa urahisi, na mara nyingi zaidi ya hizo. Fundi wa bodi hunyoosha bati kwa nyundo na kibao, hupaka pati nyembamba, husugua kwa msasa, hupita kiganja juu yake akiwa amefumba macho ili asikie bonde ambalo jicho halilioni, kisha hupaka na kusugua tena. Kazi hiyo haiharakishwi na mashine yoyote. Nchini Marekani, ambako karakana za kazi hii hutoza dola 100 au zaidi kwa saa, saa 1,000 ni dola 100,000, na hiyo ndiyo sababu gari lililotengenezwa vizuri linaonekana ghali.

Kampuni ya Nissan yenyewe, iliyoitengeneza Datsun 240Z, ililionja jambo hili. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 tawi lake la Marekani lilinunua magari ya 240Z yaliyochakaa, likayapeleka kwa mafundi teule na kuyauza tena kwa dola karibu 25,000, likiwa na lengo la kutengeneza 200. Mpango huo ulisimamishwa yakiwa yamekamilika chini ya 50. Kampuni iliyolibuni gari hilo, yenye michoro na njia zote za kupata vipuri, haikuweza kuifanya bei itoshe kulipa kazi.

Saudia gharama ya saa hizo ni ndogo sana, na ni muhimu kusema wazi kwa nini. Sheria ya kazi ya nchi hiyo inaruhusu saa 48 kwa wiki, kwa hiyo saa 1,000 ni takriban miezi 5 ya fundi mmoja, ambaye karibu kila mara ni mgeni aliyeacha familia yake ng'ambo. Mwajiri humlipia ada ya serikali iliyopanda hatua kwa hatua tangu 2018 mpaka ikafika riyali 800 kwa mwezi mwaka 2020 kwa kampuni yenye wageni wengi kuliko raia, ingawa biashara ndogo zilipewa nafuu. Kwa miongo mingi fundi huyo alifungwa kwa mwajiri mmoja chini ya mfumo wa udhamini uitwao kafala, na ni Machi 2021 tu ndipo masharti ya kuhama kazi yalipolegezwa, tena kwa baadhi ya wafanyakazi. Kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba ni marufuku kufanya kazi juani kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri, marufuku ya haki kabisa, lakini inayomaanisha pia kwamba gereji ya uwanja wazi hupunguza kasi miezi 3 kwa mwaka. Gari linalosemwa kuwa limejengwa kwa bei nafuu Riyadh limekula saa zilezile ambazo lingekula California. Tofauti imebebwa na aliyezitoa, na mwandishi yeyote anayetaja gharama ya kweli bila kumtaja mtu huyo ameacha nje kipengele kikubwa kuliko injini.

Mwisho wa yote ni karatasi. Gari haliendeshwi barabarani bila istimara, yaani kadi ya usajili itolewayo na idara ya trafiki, na kadi hiyo hufuata namba ya chesisi iliyopigwa muhuri kwenye bodi. Magari ya abiria yaliyozidi umri wa miaka 5 kwa kawaida hayaruhusiwi kuingizwa nchini, na ya kale kabisa yana utaratibu wake wa pekee, hivyo bodi yenye namba safi na hati zinazolingana nayo ina thamani kuliko bodi nzuri isiyo na historia. Anayebadilisha rangi au injini hupaswa kuyaingiza mabadiliko hayo katika kumbukumbu za idara. Nakala ya Cobra iliyotoka kwenye kasha ina kikwazo kigumu zaidi, kwani Uingereza ina ukaguzi maalumu wa gari moja moja lililojengwa nyumbani, na majimbo ya Marekani yana sheria zao, lakini usajili wa Saudia umezoea gari lililotoka kiwandani likiwa na mwaka wa toleo na cheti cha ubora. Swali la usajili linapaswa kuulizwa kabla ya kasha kulipiwa, kwa sababu gari lisilosajiliwa, hata liwe limegharimu riyali 200,000, ni pambo la sebuleni.

Likishasajiliwa, hufuata ukaguzi wa kila mwaka uitwao fahs, ambao huangalia breki, taa, mfumo wa springi na moshi, kisha bima. Bima ya lazima humlipa mtu wa tatu aliyeumizwa au kuharibiwa mali. Mwenye gari hapati kitu kwa gari lake. Anayetaka bima kubwa hukutana na mkadiriaji anayeona gari la miaka 50, na kwa kanuni ya uchakavu gari la umri huo halina thamani yoyote. Njia iliyopo ni kuafikiana na kampuni juu ya thamani maalumu kabla ya mkataba kutiwa saini, na makubaliano hayo yanahitaji ushahidi: stakabadhi za forodha zenye kodi iliyolipwa, ankara ya karakana iliyochonga injini, picha za bodi ikiwa uchi kabla ya rangi, na daftari la saa za fundi lenye tarehe. Wengi huzitunza stakabadhi za vipuri na kulisahau daftari la saa, nalo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya fedha zilizotumika.